Simu janja ya bei chee yenye loki ya mtandao: kabla hujalipa, jua ufunguo ameushika nani

#1 Mleta uzi

Wakuu, nawasalimu.

Kuna swali linajirudia sana: "Nimepata simu mpya kabisa, boksi halijaguswa, bei karibu nusu ya zile zingine, ila muuzaji anasema ni ya mtandao fulani. Nichukue?" Jibu linalokuja haraka ni "chukua tu, mafundi wapo." Jibu hilo linaumiza watu, na wanaoumia ni wale ambao pesa yao inatosha simu moja tu. Naomba niliweke wazi kwa urefu, mwenye la kuongeza aongeze.

Urahisi wa simu hizi unatoka wapi? Kampuni ya simu inachukua mzigo mkubwa kiwandani, kisha inauza kwa bei ambayo mara nyingi haifiki hata gharama yake, ikijua pengo litazibwa na vocha na bando utakazonunua mwezi hadi mwezi. Mteja wa mkataba ana karatasi aliyosaini, akikimbia anadaiwa. Mteja wa malipo ya kabla hajasaini chochote. Leo ana laini, kesho kaitupa. Kwa hiyo dhamana ya kampuni imewekwa ndani ya simu yenyewe. Hiyo ndiyo loki: simu inakubali laini za kampuni hiyo tu. Ukiona simu nzuri kwa bei ya kushangaza, jua kuna sehemu ya bei haijalipwa bado, na anayetarajiwa kuimalizia ni wewe.

Sasa inavyofanya kazi. Kila laini ina namba ndani yake iitwayo IMSI, ambayo siyo ile namba unayopigiwa. Tarakimu 3 za mwanzo zinaonyesha nchi: 640 ni Tanzania, 639 ni Kenya, 234 ni mojawapo ya zile za Uingereza, 310 mojawapo ya zile za Marekani. Tarakimu 2 au 3 zinazofuata ni za kampuni. Ukiwasha simu, inazisoma na kuzilinganisha na orodha iliyohifadhiwa upande wa modemu, yaani ile sehemu inayozungumza na mnara. Zikipatana, mambo yanaendelea. Zisipopatana, unaambiwa laini haikubaliki, au kinatokea kisanduku kinachodai namba ya siri ya kufungulia mtandao. Wifi itashika, kamera itapiga picha, hata namba za dharura zitapigika. Ila kupiga kwa laini yako hutaweza.

Viwango vya kimataifa vya simu vinatambua loki za aina 5: ya mtandao mzima, ya sehemu ya mtandao, ya mtoa huduma, ya taasisi, na ya laini moja pekee. Hiyo ya mtoa huduma ndiyo inayowakamata watu wengi bila kujua. Kuna kampuni za simu zisizo na mnara hata mmoja. Zinakodi minara ya kampuni kubwa na kuuza huduma kwa jina lao, na ndizo hasa zinazopenda kuuza simu za bei ya chini. Mtu anajiambia: minara ni ileile, basi laini ya kampuni kubwa yenyewe itaingia. Haiingii. Simu inaangalia na alama nyingine kwenye laini inayosema huyu ni mteja wa nani, na ikikuta si mteja wa yule mdogo, inakataa japo mnara ni mmoja.

Na ufunguo? Zamani ulikuwa namba. Unatoa IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yako (bonyeza *#06#, zinatokea tarakimu 15), kampuni inakupa namba ya siri, unaiingiza, imekwisha. Simu nyingi za sasa hazina kabisa mahali pa kuingiza namba. Ruhusa inatoka kwenye seva. Kwa iPhone, kampuni ya mtandao inaiarifu Apple, na simu inapojisajili upya inasoma kwamba imeachiwa. Kwa baadhi ya Android kuna programu ndogo ya kampuni iliyokuja na simu. Unaifungua, unaomba, seva inajibu ndiyo au hapana. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kutoa pesa ni hili: nani mwenye mamlaka ya kusema ndiyo, na anadai nini kwanza?

Hapa naomba tutulie kidogo.

Sisi wanunuzi tumezoea kuamini boksi lililofungwa. Plastiki haijachanwa, basi simu ni salama. Kwa simu ya malipo ya kabla yenye loki, boksi lililofungwa mara nyingi ndiyo habari mbaya. Masharti ya kuachia simu huanza kuhesabiwa tangu siku ilipowashwa kwa laini ya kampuni ile na kuwekewa huduma ya kulipia. Siku uliyonunua dukani haihesabiwi. Zipo kampuni zinazotaka huduma hiyo ilipiwe kwa miezi kadhaa. Sasa simu imesafirishwa mpaka nchi ambako kampuni hiyo haina mnara. Saa haijaanza kuhesabu, na huko iliko haiwezi kuanza. Ukiwaandikia kampuni hiyo, watakujibu kwa adabu kwamba haijatimiza masharti, na kwa kanuni zao wako sahihi. Ile iliyotumika mwaka mzima na mteja wao, ina mikwaruzo na boksi limepotea, huenda ndiyo ikaachiwa bila shida.

Kwa hiyo ukitangaziwa "mpya, sili haijakatwa, loki ndogo tu," usiharakishe.

#2 Mchangiaji

Mkuu umenitoa jasho. Kaka yangu yuko nje, amenitumia simu ya namna hiyohiyo kama zawadi. Ya malipo ya kabla, sijafungua hata boksi. Nimpigie nimwambie nini?

#3 Mleta uzi

Pole, na asante kwa kutofungua. Umejiachia nafasi.

Mwulize kwanza kama risiti anayo. Simu ambayo haijafunguliwa mara nyingi inarudishika dukani ndani ya muda waliopanga, na kwa pesa hiyo akiongeza kidogo anapata isiyo na loki. Ukipata mtu anayesafiri kwenda kule, afadhali irudi naye.

Isiporudishika, bado kuna njia, ila ni ya subira: iwe mikononi mwa kaka, aiwashe kwa laini ya kampuni ile, aitumie au walau ailipie huduma kwa muda unaotakiwa, kisha aombe iachiwe yeye mwenyewe kama mteja. Ombi likitoka kwa mteja mwenye namba hai linasikilizwa. Likitoka kwa mtu wa mbali mwenye IMEI tu, halina uzito. Piga hesabu ya huduma atakayolipia humo njiani. Mara nyingine jumla yake inazidi bei ya simu ya wazi, na hapo ndipo unaona ile sehemu ya bei niliyosema haijalipwa.

Na mwambie kaka bila kumkwaza. Amekutumia kwa upendo, na kule dukani hakuna anayemweleza mnunuzi kwamba simu hii haitasafiri. Wakati mwingine atafute maneno yanayosema imefunguliwa kwa mitandao yote, na hayo yawe kwenye risiti au kwenye boksi. Ya mdomoni hayatoshi.

#4 Mchangiaji (fundi)

Mleta uzi amesema vizuri, mimi niongezee upande wa meza ya fundi, maana lawama zote huishia kwetu.

Kuriseti simu hakutoi loki. Kuflashi programu mpya ya Android kwa kawaida hakutoi, kwa sababu loki haiko kwenye Android, iko upande wa modemu kama alivyoeleza. Kuruti, yaani kujipa mamlaka kamili juu ya Android, pia hakutoi. Mtu akikwambia "nitaiflashi itakubali laini zote," mwulize kama amewahi kufanya modeli hiyohiyo yenye herufi zilezile za mwisho. Modeli moja huwa na matoleo mengi, na ile herufi ya mwisho ndiyo inayosema ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni ipi.

Zile za kuingiza namba: msijaribujaribu. Simu inahesabu makosa. Ukifikisha idadi iliyowekwa kiwandani, kisanduku kinajifunga na hata namba sahihi haipokelewi tena. Nimeletewa simu ambazo zilikuwa zimebakiza jaribio moja kwa sababu mwenye nayo alikuwa anaingiza namba alizookota mitandaoni. Namba hizo zimefungamana na IMEI. Namba ya simu ya rafiki yako haifungui ya kwako hata kama zote mbili zilinunuliwa duka moja siku moja.

Halafu kuna kile kichipu chembamba kinachokaa juu ya laini ndani ya iPhone. Kinafanya kazi kwa kuidanganya simu wakati inaisoma laini. Loki bado ipo palepale. Ukisasisha mfumo, au Apple wakiziba ule mwanya, simu inarudi kuwa ya wifi. Fundi anayekuwekea bila kukuambia hivyo anakukosea, na mwenye duka anayeuza simu yenye kichipu kama simu ya wazi anakuibia. Chomoa kitrei cha laini uangalie kwa macho yako.

#5 Mchangiaji

Mimi naona hii loki yenyewe ni uonevu. Kitu nimekinunua kwa pesa yangu, mtu mwingine ananipangia laini ya kuweka? Mbona serikali hazipigi marufuku?

#6 Mleta uzi

Baadhi zimepiga, mkuu. Canada tangu tarehe 1 Desemba 2017 kampuni za simu zinatakiwa kuuza simu zikiwa wazi, na waliokuwa na zilizofungwa wafunguliwe bila malipo. Japani ilizuia loki hizi, isipokuwa kwa sababu maalumu, kuanzia Oktoba 2021. Uingereza ikafuata Desemba 2021. Simu iliyouzwa mpya na mtandao wa nchi hizo baada ya tarehe hizo haina sababu ya kuwa na loki. Ukiambiwa ni ya huko na ina loki, uliza ilitengenezwa mwaka gani na ilitoka kweli wapi.

Marekani ndiko simu nyingi za bei chee za malipo ya kabla zinakotoka, na historia yake inafaa kujulikana. Mwanzoni mwa 2013, kufungua loki ya simu mpya bila idhini ya kampuni kuligeuka kosa chini ya sheria ya hakimiliki, kwa kuwa msamaha uliokuwepo haukuongezwa. Wananchi walipeleka malalamiko Ikulu ya nchi hiyo, saini zikapita 100,000. Tarehe 1 Agosti 2014 Rais Obama akasaini sheria iliyorudisha haki hiyo. Lakini sheria ile ilimruhusu mwenye simu kufungua. Haikuilazimisha kampuni kuuza simu wazi. Kilichobaki ni ahadi ya kampuni kubwa wenyewe kwamba simu za malipo ya kabla wataziachia, kwa masharti yao, kabla ya mwaka kupita tangu iwashwe. Mwaka! Linganisha na mtu anayetaka kuitumia kesho asubuhi.

Kuhusu uonevu, mimi msimamo wangu ni huu: kampuni kukopesha sehemu ya bei na kujilinda si dhambi, ilimradi mnunuzi aambiwe kwa maandishi makubwa kabla ya kulipa. Kinachoniuma ni kwamba taarifa muhimu kuliko zote kuhusu simu hiyo imeandikwa kwa herufi ambazo mtu mzima anahitaji miwani kuzisoma, nyuma ya boksi, chini ya picha ya kamera.

#7 Mchangiaji

Nina kesi nyingine. Simu yangu iliachiwa na kampuni kabisa, nina ujumbe wao. Nimeweka laini yangu, intaneti inashika vizuri, ila kupiga simu haiwezi. Nikipigiwa haiiti. Fundi anasema bado ina loki. Ni kweli?

#8 Mleta uzi

Si kweli. Ingekuwa na loki hata hiyo intaneti ya laini usingeipata. Hapa tumefika kwenye jambo ambalo naona limesahaulika kabisa kwenye mazungumzo ya loki, niruhusuni nieleze taratibu.

Mtandao wa 4G ulitengenezwa kwa ajili ya data. Hauna njia ya sauti ya aina ile ya 2G na 3G. Ukitaka kuongea, kuna mambo mawili: ama simu inashuka kwenda 3G au 2G kwa muda wa maongezi kisha inarudi, ama sauti inasafirishwa kama data kupitia 4G, na hiyo ndiyo wanaita VoLTE. Ili VoLTE ifanye kazi, simu inahitaji kuwa na mipangilio ya kampuni husika, na baadhi ya kampuni hukubali tu modeli zilizo kwenye orodha yao. Simu iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni moja mara nyingi imebeba mipangilio ya kampuni hiyo tu. Kuachiwa loki kunaifanya ikubali laini yako. Hakuiongezei mipangilio ya mtandao wako.

Kama mtandao wako bado una 2G au 3G kwenye masafa ambayo simu inayajua, hutagundua tatizo. Kama mtandao wako umeshazima 2G na 3G, au simu haiyajui masafa hayo, unapata hicho ulichonacho: intaneti bila sauti. Marekani kampuni kubwa 3 zote zilifunga 3G ndani ya mwaka 2022, na watu wenye simu nzima, zisizo na loki, wakajikuta hawawezi kupiga.

Masafa nayo ni kizingiti kingine. 2G ya Ulaya na Afrika inatumia megahezi 900 na 1800, ya Amerika 850 na 1900. Kwenye 4G, masafa yamegawanywa kwa bendi zenye namba, na bendi ya 20 iliyo kwenye megahezi 800 ndiyo inayofika mbali na kupenya kuta katika Ulaya na sehemu nyingi za Afrika, na simu za bei chee zilizotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hazina. Zina bendi za 12, 13 au 71, za kwao. Matokeo yake simu inashika vizuri ukiwa karibu na mnara, ukiingia ndani ya nyumba mtandao unapotea, nawe unadhani ni mbovu.

Kwa kesi yako: angalia kwenye mipangilio ya laini kama kuna sehemu ya kuwasha sauti kupitia 4G. Ikiwepo, iwashe, uzime simu na kuiwasha tena. Isipokuwepo, lazimisha simu ikae 3G au 2G ujaribu kupiga. Ikipiga, umejua tatizo. Isipopiga hata hapo, simu yako na mtandao wako hawana masafa ya pamoja ya sauti, na hakuna fundi atakayebadilisha hilo. Tumia simu kwa data, mpigie mtu kwa programu za intaneti, au badilisha mtandao.

#9 Mchangiaji

Wakuu mimi nanunua mtumba. Muuzaji anasema "haina loki." Nitajuaje hapohapo dukani?

#10 Mchangiaji (fundi)

Kwanza mwulize haina loki ipi, maana neno hilo linabeba vitu vingi visivyofanana. Loki ya mtandao ndiyo hii tunayojadili. Loki ya akaunti ni nyingine: iPhone inadai akaunti ya mwenye nayo wa kwanza, ilianza na iOS 7 mwaka 2013, na Android ina ya kwake ya akaunti ya Google tangu toleo la 5.1. Ya tatu ni simu ya mkopo ambayo mwenye deni asipolipa, kioo kinajifunga kwa amri kutoka mbali. Ya nne ni IMEI iliyowekwa kwenye orodha ya simu zilizoibwa. Hiyo simu inasoma laini vizuri lakini mnara unaikataa. Muuzaji anaweza kusema kweli kuhusu moja na kunyamazia tatu.

Ukifika dukani, kuwa na laini mbili za kampuni tofauti, na moja isiwe ya mtandao ambao simu ilitoka. Weka ya kwanza, piga, acha mtu akupigie. Zima simu, weka ya pili, washa, rudia. Usiridhike kuona vijiti vya mtandao juu ya kioo, piga kweli. Kwa iPhone ingia kwenye mipangilio, sehemu ya jumla, kisha taarifa za simu. Kuna mstari wa loki ya kampuni, na unatakiwa kusema hakuna vizuizi vya SIM. Kisha iriseti mbele yake, iwashe upya mpaka ufike skrini ya mwanzo. Ikidai akaunti isiyo yako, mrudishie. Bonyeza *#06#, linganisha na IMEI iliyo kwenye boksi na kwenye mipangilio. Zikitofautiana, ondoka.

#11 Mleta uzi

Naongeza hapo kwa fundi. Wapo wanaojaribu simu mpya kwa laini moja tu, inashika, wanalipa. Baadhi ya iPhone zinazouzwa kupitia wauzaji wengine huwa hazina mtandao mpaka laini ya kwanza iingie. Ikiingia, simu inajifunga kwa kampuni ya laini ile. Kwa hiyo jaribio la laini ya pili lifanyike hata kama ya kwanza imefanya vizuri sana.

Na Samsung, tangu 2013, baadhi ya simu zake zina loki ya ukanda. Boksi lina kibandiko kinachosema ianze na laini ya ukanda fulani, kwa mfano Ulaya. Hiyo inatoka ikishatumika huko kwa laini ya huko na maongezi yakafika dakika 5. Aliyeko nje aifanye kabla hajaisafirisha.

#12 Mchangiaji

Mimi ni yule wa zawadi. Kaka anayo risiti na duka limekubali kuipokea. Anauliza achukue ipi badala yake?

#13 Mleta uzi

Vizuri sana. Mwambie achague yenye maandishi ya kuwa wazi kwa mitandao yote, kisha kabla ya kulipa akutumie namba kamili ya modeli mpaka herufi ya mwisho. Wewe tafuta bendi zake kwenye tovuti ya mtengenezaji, uzilinganishe na za mtandao unaotumia, na uangalie kama VoLTE ya mtandao wako inaikubali modeli hiyo. Asiende chini ya GB 2 za RAM (kumbukumbu ambayo simu hufanyia kazi), maana Android toleo la 13 hata lile jepesi la Go linadai kiasi hicho. Ikipita yote hayo, alipe.